Sekunde Kumi Hadi Bomba la Macho

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa, barua pepe ile ile huingia. Mafunzo ya kujikumbusha usalama wa maabara, siku fulani, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Asiyehudhuria kadi yake ya mlango itazimwa. Haipiti saa moja majibu yanaanza kumiminika. Mmoja ana sampuli ambazo haziwezi kuachwa peke yake. Mwingine ana kikao. Wa tatu, mtafiti mwenye miaka kumi na mitano kazini, anauliza kwa heshima kabisa kama cheti chake cha mwaka jana hakiwezi kuongezewa muda, kwa kuwa hakuna jipya atakaloambiwa.

Namwelewa. Mimi ni fundi wa maabara. Mafunzo haya nimeyapitia mara kumi na moja, na katika hizo, mara sita nilikuwa nimesimama mbele nikiyaendesha. Najua ikifika slaidi ya aina za vizimamoto, simu zinafunguliwa chini ya meza. Hata hivyo, kila ninapomjibu mtafiti yule kwamba hapana, itabidi aje, hubaki na hamu ya kumweleza sababu kwa kirefu. Barua pepe haina nafasi hiyo. Nimeamua kuyaandika hapa.

Sababu ni kwamba yeye ndiye ninayemhitaji zaidi pale ukumbini. Mwanafunzi mgeni anaogopa. Chupa ya tindikali anaibeba kwa mikono miwili, anasoma lebo mara tatu, anauliza hata asichohitaji kuuliza. Hofu yake inamlinda wakati ujuzi ungali njiani. Mzoefu hofu imeshamtoka, na ndani ya ujuzi wake zimeota njia za mkato ambazo mwenyewe hazioni tena. Miwani ya kinga imepanda juu ya paji la uso. Kioo cha kabati la kuvuta hewa, lile linalonyonya mvuke wa kemikali, kimeinuliwa hadi mwisho, kwa sababu siku moja chombo kirefu kiligoma kuingia na tangu hapo hakuna aliyekishusha. Glavu iliyotoka kushika kemikali inashika kitasa cha mlango, halafu simu. Chupa imeandikwa "A2" na aliyeiandika ndiye pekee anayejua A2 ni nini, naye alihitimu mwaka juzi. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na sijaona mahali ambapo msemo huo unakaa barabara kama ndani ya maabara ya utafiti.

Nami mazoea yalinishika. Miaka michache iliyopita, katika maabara niliyokuwa nikifanyia kazi wakati huo, kijana mmoja wa uzamili alikuwa akiyeyusha vipande vya hidroksidi ya sodiamu. Ni kazi ambayo sote pale tulikuwa tumeifanya mara zisizohesabika. Vipande vile vikiyeyuka hutoa joto jingi. Ukivimwaga vingi kwa mkupuo kwenye maji machache, maji huchemka ghafla na kuruka. Yaliruka. Miwani yake ilikuwa juu ya nywele, maana ilikuwa imeingia ukungu na aliipandisha mara moja tu apate kusoma mizani.

Hakupiga kelele. Alisema "Dada, macho," kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kusogezewa kalamu. Kisha akajifunika uso kwa viganja na kusimama palepale. Mbali na yeye tulikuwa watu watatu mle ndani, na wote watatu tulikuwa na vyeti halali. Changu kilikuwa na siku kumi na sita. Kwenye jaribio la mtandaoni nilikuwa nimepata maswali 20 kati ya 20, na moja kati ya hayo liliuliza kemikali ikimwingia mtu machoni ufanye nini kwanza.

Nilikimbilia sinki. Bomba la kuoshea macho lilikuwa upande wa pili, hatua tano kutoka pale aliposimama, nami nikakimbilia sinki kwa sababu ndiko mikono yangu ilikozoea kutafuta maji kila siku. Mwenzangu ndiye aliyeita "Huku! Huku!" tukamkokota yule kijana. Mbele ya bomba palikuwa na katoni mbili za ncha za pipeti zilizoletwa mwanzoni mwa wiki, ambazo hakuna aliyezitafutia mahali. Nilizipiga teke. Nikausukuma mkono wa bomba, na maji yakatoka rangi ya chai, yakinuka chuma. Bomba lile lilikuwa halijafunguliwa kwa miezi. Ilibidi tungoje kutu ipite. Ulikuwa muda mfupi, bila shaka, lakini kijana alikuwa ameniegemea begani na nilisikia meno yake yakigongana, na muda ule haukuisha.

Tulimwosha dakika 15 kamili kwa saa ya ukutani, tukizuia kope zake kwa vidole ili asifumbe, tukimwambia azungushe macho. Macho yote mawili yalipona, la kushoto baada ya wiki kadhaa za dawa. Daktari alituambia kwamba ule uvumilivu wa kuosha bila kukatisha ndio uliookoa. Sehemu hiyo ya mafunzo nilikuwa nimeikumbuka. Kilichonishinda ni hatua tano za mwanzo, ambazo hakuna slaidi iliyowahi kunitembeza.

Nisieleweke kwamba ni jambo dogo la sekunde chache. Tindikali nyingi zikigusa jicho hugandisha protini za juu, na utando ule ulioganda huizuia kwa kiasi fulani tindikali isizame zaidi. Besi kali, kama hiyo hidroksidi ya sodiamu, haigandishi. Inageuza mafuta ya tando za seli kuwa kitu cha jamii ya sabuni na kuendelea kupenya ndani, hata baada ya maumivu kutulia. Ndiyo maana viwango vinavyotumika sehemu nyingi vinataka bomba la macho liwe mahali ambapo mtu atafika ndani ya sekunde 10, njia iwe nyeupe bila kizuizi, na bomba lifunguliwe kila wiki maji yaliyolala yatoke. Anayepimwa kwa sekunde hizo 10 ni mtu asiyeona, mwenye maumivu, aliyechanganyikiwa. Ukizipima ukiwa umefumbua macho na kushika kikombe cha kahawa, hujapima kitu.

Mwaka uliofuata niliomba niruhusiwe kuendesha mafunzo yale, na kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa kitambaa cheusi. Tangu hapo, nusu ya asubuhi hatukai ukumbini. Kila kundi linakwenda kwenye maabara yake lenyewe, na mmoja mmoja anafungwa macho, anazungushwa mara moja, anaambiwa: nenda kaoshe macho. Wengine wanahesabu kwa sauti. Mwaka wa kwanza, kati ya watu wa maabara yetu, wengi walikwenda kwenye sinki. Mmoja alijigonga kwenye kona ya meza na kusimama akipapasa hewani, na wenzake waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Nina jambo la kusema kuhusu mafunzo ya kubofya. Vyuo vingi vimehamishia haya yote mtandaoni: slaidi arobaini, maswali ishirini, ukishindwa unarudia hadi upite, cheti kinatoka saa hiyo hiyo. Faida zake nazijua. Kumbukumbu zinakaa vizuri, mkaguzi akija anaonyeshwa orodha, na mtu anaweza kusoma usiku akiwa ametulia. Kwa kupeleka habari kichwani, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale inapohesabiwa kuwa imetosha. Kichwa changu siku ile kilikuwa na maswali 20 kati ya 20. Miguu ilikuwa haijafanya jaribio. Hali ni ile ile kwa kizimamoto: watu wengi niliowafundisha wanaweza kutaja hatua zake bila kukosea, uchomoe pini, uelekeze mdomo kwenye shina la moto, ubane mkono, ufagie huku na huku, lakini wakikabidhiwa mtungi wenyewe huubana mkono pini ikiwa bado ndani, na kuubana tena, na kuniangalia.

Turudi kwa yule asemaye hakuna jipya. Huyo huwa namsimulia habari za Karen Wetterhahn.

Alikuwa profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na utafiti wake ulihusu hasa jinsi metali zenye sumu zinavyoudhuru mwili. Kama kuna mtu aliyejua anachokishika, ni yeye. Tarehe 14 Agosti 1996 alikuwa akihamisha kiasi kidogo cha dimethilimekyuri, kiowevu cha zebaki kisicho na rangi, ndani ya kabati la kuvuta hewa, akiwa amevaa koti, miwani na glavu za mpira. Tone moja au mawili yalidondokea glavu. Alimaliza kazi, akavua glavu, akanawa mikono. Miezi ilipita bila dalili. Januari 1997 akaanza kuyumba akitembea na maneno kumtoka kwa shida, na vipimo vilipoonyesha zebaki, ubongo ulikuwa umeshaharibika. Alifariki tarehe 8 Juni 1997, akiwa na miaka 48.

Ninapofika hapa huwa ninasimama kidogo, kwa sababu ni rahisi msikilizaji kutafuta kosa la marehemu ili apate kujitenga naye. Wetterhahn hakuwa mzembe. Alifuata yale yaliyoaminika kuwa sahihi wakati ule. Ni baada ya yeye kuugua ndipo glavu zile zilipofanyiwa majaribio, ikaonekana kimiminika kile kinazipenya ndani ya sekunde 15 au chini yake, bila kuacha tundu wala alama. Ushauri ukabadilika: glavu za tabaka nyingi ndani, nene zenye mikono mirefu juu yake, na bora zaidi kuachana na kemikali hiyo kabisa pale penye mbadala. Mtu aliyesomea usalama mwaka 1995, hata kama alisoma kwa bidii na kukumbuka kila neno, mwaka 1998 alikuwa na elimu ya kuua.

Kwa hiyo lipo jipya, na lipo kila mwaka, ila halitangazwi kwa tarumbeta. Kemikali huongezewa onyo kwenye karatasi yake ya taarifa za usalama. Mtengenezaji hubadilisha unene wa glavu bila kubadilisha rangi ya boksi. Maabara ya jirani huanza kutumia virusi au leza ambayo haikuwepo, na moto ukizuka mle, wewe ndiye utakayepita mlangoni mwake. Habari ya glavu hasa nitaisema mpaka nistaafu: glavu nyembamba za bluu za nitraili tunazozivaa siku nzima ni kinga ya matone ya bahati mbaya, na kwa baadhi ya viyeyushi hata hiyo si kinga ya kutegemea. Asetoni huzipenya ndani ya dakika chache tu. Ukimwagikiwa, vua, nawa, vaa nyingine. Niliwahi kumwona mtu akisuuza vyombo kwa asetoni robo saa nzima na glavu zile zile, akiamini amejilinda, huku ngozi ya vidole imeshakuwa nyeupe chini yake.

Jina jingine ninalolitaja kila mwaka ni la Sheri Sangji. Alikuwa na miaka 23, msaidizi wa utafiti katika chuo cha UCLA, kule California. Tarehe 29 Desemba 2008, watu wengi wakiwa likizo, alikuwa akivuta kwa sirinji ya plastiki kimiminika cha butili-lithiamu ya aina inayowaka yenyewe ikigusana na hewa. Mchi wa sirinji ukachomoka, kimiminika kikamwagika, kikawaka. Hakuwa na koti la maabara. Alivaa sweta ya nyuzi za sintetiki, na hizo zikishika moto huyeyukia ngozini. Bafu la dharura lilikuwepo mle ndani na halikutumika. Alifariki siku 18 baadaye. Uchunguzi wa serikali ulilaumu ukosefu wa mafunzo na wa mavazi ya kinga, na miezi miwili kabla yake wakaguzi wa chuo walikuwa wameshaandika kwamba watu wa maabara ile hawavai makoti.

Ni hiyo ripoti ya ukaguzi inayonikosesha usingizi kuliko moto wenyewe. Kulikuwa na mtu aliyeliona, akaliandika, akalituma. Mimi ni mtu wa aina hiyo. Kazi yangu ni kuandika na kutuma. Ndiyo maana siku za mafunzo huleta orodha ya mapungufu niliyoyaandika mwaka mzima, kila maabara yake, na tunaisoma pamoja kwa sauti, wenye maabara wakiwepo, na hatuondoki mpaka kila pungufu limepata jina la mtu na siku ya kulimaliza. Inachosha. Kuna aliyeniambia ninawaaibisha watu wazima. Naomba radhi kwa aibu, lakini orodha siiachi.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile tunayoiita chupuchupu. Inachukua nusu saa, na mara nyingi hupitiliza. Kila mtu anasimulia jambo moja la mwaka huo lililokuwa karibu kwenda vibaya na halikwenda. Masharti ni mawili: hakuna jina linaloandikwa, na hakuna anayeadhibiwa kwa alichosimulia. Mara ya kwanza tulipojaribu kulikuwa na kimya cha kutisha. Watu waliangalia viatu vyao. Nikasimulia habari ya sinki na maji ya kutu kama nilivyoisimulia hapa, na nilipomaliza, fundi mmoja mtu mzima, ambaye sijawahi kumsikia akikiri kosa lolote, akajikohoza.

Akasema jioni moja alipokuwa akizima taa alisikia mlio mwembamba, kama sufuria inayoanza kuchemka. Ndani ya kabati la kuvuta hewa, galoni la taka lilikuwa limevimba tumbo, kifuniko kimekazwa. Mtu alikuwa amemimina asidi ya naitriki iliyotumika ndani ya galoni lililokuwa na mabaki ya ethanoli, kwa kuwa lebo ilisema "taka" basi. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa joto na gesi, wakati mwingine baada ya kukaa kimya muda mrefu hata anayemimina akadhani pako shwari. Aliteremsha kioo cha kabati taratibu, akatoka, akafunga mlango, akapiga simu. Hakujaribu kulifungua, na kwa hilo alifanya vyema kuliko wengi. Galoni lilipasukia ndani ya kabati dakika chache baadaye. Asubuhi walisafisha, wakabadilisha galoni, na yakaishia hapo. Hakumwambia mtu nje ya chumba kile.

Alipomaliza, mikono miwili ilinyooshwa. Maabara mbili za ghorofa ile ile, katika mwaka ule ule, zilikuwa zimeona galoni likivimba. Vyumba vitatu vinavyotenganishwa na ukuta tu, na kila kimoja kilidhani ni bahati mbaya yake peke yake. Wiki ile tulipata vifuniko vinavyopumua na lebo zenye mistari ya kujaza kilichomo, na taka za naitriki zikapewa chombo chake na kona yake. Ilichukua siku nne. Tungeweza kuifanya miezi tisa mapema.

Hili la kunyamazia yaliyotuponyoka limeshaandikwa kwa uchungu mahali pengine. Tarehe 7 Januari 2010, katika chuo cha Texas Tech, mwanafunzi wa uzamivu alikuwa akiponda mabonge ya kemikali inayolipuka ndani ya kinu kidogo. Kiwango walichokuwa wamewekewa kwa mdomo kilikuwa miligramu 100. Walikuwa wametengeneza gramu 10 kwa pamoja, mara mia ya kiwango, ili wapate kundi moja la kufanyia vipimo vyote. Alipoona amemaliza alivua miwani akaondoka, kisha akarudi aikoroge mara ya mwisho, bila kuivaa. Alipoteza vidole vitatu, jicho likatobolewa, akaungua. Bodi ya serikali iliyochunguza ikakuta kwamba kundi lile la utafiti lilikuwa limewahi kupata matukio kabla, na hayakuandikwa wala kusimuliwa kwa namna ambayo waliofuata wangeyajua. Na kule Hawaii, mwezi Machi 2016, siku moja kabla ya tangi la gesi kulipuka na kumkata mtafiti mkono, tangi dogo lenye kipimo cha presha cha aina ile ile lilikuwa limelipuka kwa ndani. Kulikuwa na siku nzima katikati.

Mengine nayapitia haraka, ingawa kila moja lina uzito wake. Naitrojeni kimiminika: lita moja ikigeuka gesi hujaza karibu lita 700, haina harufu, na humsukuma mtu kwenye usingizi bila kumwonya. Basi usipande nayo lifti. Ipakie peke yake, mwenzako aipokee juu, wewe panda ngazi. Etha: andika tarehe uliyofungua chupa, maana ikikaa na hewa hutengeneza peroksaidi zinazolipuka, na atakayelipukiwa mkononi anaweza kuwa yule atakayefungua kifuniko miaka mitatu baadaye. Asidi ya hidrofloriki: jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa yake ya kupaka, iwepo, isiwe imeisha muda wake, na kila mtu ajue ilipo kabla hajaigusa chupa. Mtungi wa gesi ufungwe mnyororo hata kama unasubiri dakika tano tu. Nywele ndefu zifungwe mbele ya mashine inayozunguka, na mashine hiyo isiwashwe usiku na mtu aliye peke yake.

Wapo pia tunaowasahau. Wafanyakazi wa usafi huingia kila maabara kila siku, hushika ndoo zetu za taka na kufuta meza zetu, lakini barua pepe ya mafunzo haiwafikii kwa sababu hawamo kwenye orodha ya watumiaji. Walinzi ndio wa kwanza kuitwa kengele ikilia usiku. Fundi wa viyoyozi hupanda juu ya paa, kule ambako mvuke wa makabati yetu yote hutokea. Nimeanza kuwaalika. Mama mmoja wa usafi aliniuliza swali ambalo hakuna mtafiti aliyewahi kuniuliza: akikuta kitu kimemwagika sakafuni na hakuna mtu, atajuaje kama ni maji? Sikuwa na jibu zuri. Sasa tuna sheria: anayemwaga chochote, hata maji, hufuta mwenyewe kabla hajaondoka, na asiyeweza kufuta huweka kibao na kubaki mlangoni. Sheria hiyo imetoka kwake.

Na maprofesa. Nalisema kwa adabu, maana wengi wao walinifundisha. Mwanafunzi hutazama uso wa msimamizi wake kuliko bango la ukutani. Nimeona profesa akiingia bila miwani kuangalia matokeo, mara moja tu, sekunde thelathini, na wiki hiyo hiyo nikakuta miwani nusu ya maabara imening'inia shingoni. Nimeona pia yule anayesimama mlangoni, akavaa koti, akafunga vifungo vyote, ndipo akaingia kusalimia. Maabara yake sina haja ya kuikagua mara mbili.

Mwaka huu yule mtafiti wa miaka kumi na mitano alikuja. Alikaa kiti cha nyuma, kompyuta mpakato imefunguliwa magotini, na saa ya kwanza yote alikuwa akiandika kitu chake. Sikumsema. Tulipohamia maabarani alikuja akiwa amekunja mikono kifuani, akasubiri zamu yake. Nilimfunga kitambaa, nikamzungusha, nikamwambia, "Macho, Daktari."

Alikwenda kwa kujiamini kabisa, moja kwa moja, hadi kwenye sinki. Akapapasa koki, akaipata, akasimama. Nadhani ilikuwa ni ule mlio wa maji kwenye bati uliomjulisha. Hakuna aliyecheka. Akavuta kitambaa, akaangalia bomba la macho upande wa pili wa chumba alichokifanyia kazi miaka kumi na mitano, akaangalia sinki, akakifunga tena mwenyewe. Safari ya pili alikwenda akiburuta mkono wa kushoto kwenye ukingo wa meza, akihesabu vitako vya viti kwa goti, na alipousukuma mkono wa bomba mwanafunzi wake aliyeshika saa alisema kumi na moja.

Maji yalitoka meupe. Akayaacha yampige viganjani kidogo, kitambaa kingali machoni. Kisha akauliza kama anaweza kurudia tena, ila aanzie kwenye kabati la mwisho kule dirishani, kwa sababu ndiko anakoshinda. Mwanafunzi wake akaenda kuondoa katoni iliyokuwa njiani.